Kivinjari Ndani ya Ukurasa: Kisa cha browser.html

Mwaka 2016 nilikuwa mwandishi mchanga katika chumba cha habari hapa Dar es Salaam, nina kompyuta mpakato ya mtumba na tabia mbaya ya kukesha. Usiku mmoja, badala ya kumalizia makala niliyokuwa nadaiwa na mhariri, niliandika faili moja la HTML lenye mistari kama arobaini. Juu niliweka kisanduku cha kuandikia anwani, pembeni yake kitufe cha kurudi nyuma, na chini fremu kubwa ya kupokelea kurasa. Nikaliita kivinjari.html. Nikalifungua, nikaandika anwani ya gazeti letu wenyewe, nikabonyeza.

Fremu ikabaki nyeupe.

Kwanza nikadhani bando limekwisha. Wala. Nilipochungulia ujumbe wa makosa nikaelewa kwamba seva ya gazeti ilikuwa imetuma ukurasa pamoja na sharti: ukurasa huu usioneshwe ndani ya fremu ya mtu mwingine. Kivinjari halisi, kile nilichokitumia kufungulia hiki changu cha bandia, kikatii sharti. Nikacheka peke yangu saa nane za usiku. Nilikuwa nimechora mlango ukutani, halafu nashangaa kwa nini haufunguki.

Wazo lenyewe halikuwa langu. Nilikuwa naiga, kwa ujasiri wa mtu asiyesomea uhandisi, mradi mmoja wa Mozilla ulioitwa browser.html. Mradi ule ulishakufa, na katika historia nyingi za mtandao haupewi hata aya moja. Lakini miaka yote hii nimekuwa nikiurudia kichwani, na leo nataka kuueleza hapa, mbele ya watu wa vitabu, kwa sababu naamini unatuhusu. Sisi tunabishana kuhusu riwaya, tafsiri, ushairi huru na ule wa arudhi. Ila dirisha tunalosomea hayo yote tunalichukulia kama hewa. Nani aliamua liwe hivi lilivyo? Na je, msomaji ana haki ya kuligusa?

Neno kabla ya kitu

Tuanze na neno, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kinasema kivinjari, kutokana na kitenzi vinjari. Kitenzi hiki kina umri mkubwa kuliko kompyuta. Ni kuzunguka huku na huku ukiangalia, kama chombo kinachopitapita baharini kikilinda au kikipeleleza. Anayevinjari yuko macho, anapita, anatazama, kisha huyo, anakwenda zake. Hajengi wala hapandi. Nalipenda neno hili, ila linanipa mashaka kidogo, kwa sababu limekamata nusu tu ya jambo lililokusudiwa mwanzoni.

Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari cha kwanza mwishoni mwa mwaka 1990, akiwa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alikiita WorldWideWeb. Kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, mashine ghali ambazo watu wachache walikuwa nazo. Na kilikuwa kivinjari na kihariri kwa pamoja. Uliweza kufungua ukurasa, kuurekebisha palepale, kuyaunganisha maneno yako na ukurasa mwingine, kisha kuhifadhi. Msomaji na mwandishi walikaa kiti kimoja.

Hali hiyo haikudumu. Kwa kuwa NeXT zilikuwa chache, timu ya CERN ilihitaji kivinjari kitakachokwenda kwenye kompyuta nyingine pia, na Nicola Pellow, aliyekuwa bado mwanafunzi, akaandika kile cha maandishi matupu kilichosambazwa mwaka 1991. Hicho kilikuwa cha kusoma tu. Mwaka 1993 ikaja Mosaic kutoka NCSA ya Chuo Kikuu cha Illinois, kazi ya Marc Andreessen na Eric Bina. Mosaic ilionesha picha pamoja na maandishi, ilikuwa rahisi kusimika, na ndiyo iliyowafanya watu wengi waupende mtandao. Lakini haikuwa ya kuandikia kurasa. Mwaka uliofuata Andreessen na wenzake wakatoa Netscape Navigator, na dunia ikazoea kwamba kivinjari ni kioo cha kuangalizia. Ukitaka kuandika, katafute programu nyingine.

Sisemi kulikuwa na njama. Kutengeneza kihariri kinachofanya kazi kwenye kila aina ya kompyuta ni kazi ngumu, na watu walikuwa na haraka, basi. Ila haraka ile ndiyo tuliyorithi.

Ukuta wa kati

Ukitazama kivinjari chochote leo utaona sehemu mbili. Kuna ukurasa wenyewe, na kuna kilichouzunguka: upau wa anwani, vichupo, vitufe vya kwenda mbele na kurudi nyuma, orodha ya alamisho. Hicho kilichouzunguka wahandisi hukiita kromu, neno lilelile la vyuma vinavyong'aa kwenye magari. Google walipotoa kivinjari chao Septemba 2008 wakakipa jina hilohilo, Chrome, ingawa sifa waliyoitafuta ilikuwa kuipunguza kromu ibaki ndogo iwezekanavyo.

Kati ya sehemu hizo mbili kuna ukuta. Ukurasa hauruhusiwi kugusa kromu, na sababu yake ni nzuri. Kama ukurasa ungeweza kuandika juu ya upau wa anwani, tapeli angetengeneza ukurasa unaofanana na wa benki yako, akaweka anwani ya benki yako pale juu, na wewe usingekuwa na njia ya kumtambua. Upau wa anwani ni kama shahidi ambaye hakuletwa na mshtakiwa.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, ukuta huo ulikuwa pia wa lugha. Ukurasa uliandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript, ambazo kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kujifunza kwa kufungua chanzo cha ukurasa na kuiga. Kromu iliandikwa kwa C++ na lugha za namna hiyo, ikahitaji wahandisi, mashine zenye nguvu na muda mrefu wa kusubiri programu ikusanywe. Kwa hiyo wa kutengeneza ukurasa alikuwa yeyote, na wa kutengeneza dirisha alikuwa mwajiriwa wa kampuni chache mno.

Swali la browser.html lilikuwa fupi: vipi dirisha nalo likiandikwa kwa lugha ya ukurasa?

Jaribio la kwanza lilikuwa XUL

Mozilla hawakuwa wageni wa swali hilo. Machi 31, 1998, Netscape, iliyokuwa inapigwa vibaya na Internet Explorer ya Microsoft, ilitoa hadharani msimbo wa kivinjari chake. Wahandisi waliojenga upya kutoka hapo walikuwa na tatizo la siku zote: Windows, Mac na Linux kila moja ina namna yake ya kuchora vitufe na menyu. Kuandika kiolesura kilekile mara tatu ni gharama. Lakini tayari walikuwa na injini, Gecko, inayojua kuchora kurasa kwenye mifumo yote hiyo. Wakaona, kwa nini vitufe navyo visichorwe na Gecko?

Wakabuni XUL, lugha iliyo ndugu wa HTML, ya kuelezea menyu, vitufe na madirisha. JavaScript ikaviendesha, CSS ikavipamba. Jina lake lilitokana na utani wa filamu ya Ghostbusters, na utani huo umo hadi kwenye anwani rasmi inayoitambulisha lugha hiyo.

Mwanzo haukuwa mzuri. Netscape 6 ya Novemba 2000 ilisimangwa kuwa nzito na ya polepole, na kiolesura kile kilibeba sehemu ya lawama. Ila mwaka 2002 kikundi kidogo, wakiwemo Dave Hyatt, Blake Ross na Joe Hewitt, kilichukua vifaa vilevile kikatengeneza kivinjari chepesi. Kwanza kikaitwa Phoenix, kisha Firebird, kisha Firefox. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 9, 2004.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa. Kwa kuwa kromu ya Firefox ilikuwa imeandikwa kwa vifaa vya mtandao, mtu wa nje, asiye na ajira wala kibali, aliweza kuandika kiendelezi kinachobadilisha karibu chochote: vichupo vikae wapi, menyu iseme nini, kitufe kifanye kazi gani. Hewitt mwenyewe alitoa Firebug mwaka 2006, kiendelezi kilichowafundisha watengenezaji wengi wa tovuti kuchungulia ndani ya ukurasa wakiwa wameufungua. Maneno ya menyu nayo yalikaa kwenye mafaili ya pembeni, mbali na msimbo, kwa hiyo mfasiri hakulazimika kuwa mhandisi. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo si jambo dogo. Ni mwaka uleule wa 2004 ambapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa programu nyingine kabisa, lakini somo lilikuwa moja. Msimbo ukiwa wazi, na maneno yakitenganishwa na mitambo, lugha haisubiri huruma ya mtu.

Uhuru huo ulikuwa na bei yake. Kiendelezi kinachoweza kugusa kila kitu kinaweza pia kuharibu kila kitu, au kuiba. Na kila Mozilla walipotaka kurekebisha jambo ndani ya kivinjari, viendelezi vya watu vilivunjika, kwa sababu viliegemea kuta ambazo hazikujengwa ili ziegemewe. Agosti 2015 wakatangaza kwamba njia ya zamani itafungwa. Novemba 2017, Firefox 57 ilipotoka, ikafungwa kweli. Wapo waliolia kama waliohamishwa mtaa.

Kutoka simu hadi meza

Turudi nyuma kidogo. Julai 2011 Mozilla walitangaza mradi wa Boot to Gecko, uliokuja kuitwa Firefox OS: simu ambayo kiolesura chake chote, kuanzia skrini ya kufungulia hadi pale pa kubonyezea namba, ni HTML. Sasa simu ya namna hiyo nayo inahitaji kivinjari, na kivinjari chenyewe nacho ni ukurasa. Ukurasa utafunguaje kurasa nyingine ndani yake?

Hapa ndipo niliponasa usiku ule. Fremu ya kawaida, ile lebo ya iframe, ina matatizo matatu. Tovuti inaweza kukataa kukaa ndani yake, kama lilivyokataa gazeti letu. Ukurasa uliomo unaweza kugundua kwamba umewekwa ndani ya mwingine, na hata kujaribu kuchomoka. Na ukurasa wa nje haujui kinachoendelea ndani: msomaji amebofya kiungo gani, kichwa cha habari cha ukurasa ni kipi.

Mozilla wakatengeneza fremu ya pekee, iliyopewa sifa ya mozbrowser. Ukurasa uliomo ndani yake unaamini kwamba uko kileleni, hauoni kitu juu yake. Ukurasa mzazi, uliopewa ruhusa maalumu, unapokea taarifa: anwani imebadilika, kichwa ni hiki, upakiaji umekwisha. Ruhusa hiyo haikutolewa kwa tovuti yoyote inayojipitia tu. Ndiyo maana mlango wangu wa kuchora haukufunguka. Sikuwa na ufunguo, na kusema kweli ilikuwa sahihi nisiwe nao, maana hata tapeli anajua kuandika mistari arobaini.

Mwaka 2014 Paul Rouget, mhandisi wa Mozilla, alianza kujaribu jambo hilohilo kwenye kompyuta ya mezani. Kama simu inaweza, meza ishindwe nini? Jaribio likaitwa firefox.html, baadaye browser.html. Likaingia Mozilla Research, likapata watu kama Irakli Gozalishvili upande wa programu na Gordon Brander upande wa usanifu wa sura. Safari hii hakukuwa na XUL. Zilikuwa HTML, CSS na JavaScript zilezile za kila tovuti.

Nao hawakutaka kunakili kivinjari cha zamani kwa wino mpya. Kama kiolesura ni ukurasa, kukibadilisha ni kazi ya mchana mmoja. Unajaribu wazo asubuhi, jioni unalitupa bila majuto. Vichupo vikahamishwa kutoka juu vikakaa pembeni. Kromu ikapunguzwa, na upau wa juu ukawa unajipaka rangi inayoendana na ukurasa unaosomwa, mpaka mpaka wenyewe ukawa hauonekani vizuri. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilifikiria kitabu ambacho jalada lake linafuata sura unayoisoma. Ni baadaye tu nikakumbuka yule shahidi wa kwenye upau wa anwani, nikajiuliza kama ni busara kumvisha nguo za mshtakiwa.

Kulikuwa na sababu ya pili ya mradi. Tangu 2012 Mozilla Research walikuwa wakijenga injini mpya, Servo, kwa lugha ya Rust iliyolelewa hapohapo Mozilla. Mwaka 2013 Samsung wakaungana nao. Servo ilikusudiwa kugawa kazi ya kuchora ukurasa kwa viini vingi vya prosesa kwa wakati mmoja, na kukwepa makosa ya kumbukumbu ambayo ni chanzo cha mianya mingi ya usalama. Lakini injini iliyo juu ya meza ya karakana hakuna anayeipanda. Servo ilihitaji dirisha, na browser.html ilihitaji injini. Juni 30, 2016 matoleo ya kila usiku ya Servo yalianza kupatikana hadharani kwa Mac na Linux, na dirisha lililokuja nayo lilikuwa browser.html.

Hebu lifikirie hilo. Kitufe cha kurudi nyuma kilichorwa na injini ileile iliyochora habari unayoisoma. Injini ikiwa na kasoro, dirisha linayumba pamoja na ukurasa. Kwa mtumiaji hiyo ni hatari. Kwa watafiti ilikuwa faida, kwa sababu kila walipolitumia dirisha lao walikuwa wanaipima injini. Fundi alikuwa anavaa nguo aliyoishona mwenyewe, na mshono ukiachia, aibu inaanzia kwake.

Kwa nini haikudumu

Kufikia mwisho wa 2017 kazi ya browser.html ilikuwa imepoa. Mimi naona sababu tatu, na hakuna hata moja inayosema kwamba wazo lilikuwa baya.

Ya kwanza ni kwamba mlezi aliondoka. Fremu ile ya pekee ilizaliwa kwa ajili ya Firefox OS, na Desemba 2015 Mozilla walitangaza kwamba wanaacha kutoa simu hizo kupitia kampuni za simu. Fremu yenyewe haikuwa kiwango cha mtandao mzima. Vivinjari vingine havikuwa nayo. Kwa hiyo kivinjari kilichodai kuandikwa kwa lugha ya wote kilitegemea ufunguo mmoja ulioko mfukoni mwa kampuni moja.

Ya pili ni kwamba ufunguo mwingine ulipatikana sokoni. GitHub walikuwa wametengeneza Atom Shell mwaka 2013, iliyobadilishwa jina mwaka 2015 ikawa Electron. Inaunganisha Chromium na Node.js, na kumpa mtu yeyote nafasi ya kuandika programu ya mezani kwa HTML, pamoja na fremu inayokubali tovuti yoyote. Hata ndani ya Mozilla, Aprili 2016 kulitangazwa mradi mwingine wa majaribio, Tofino, uliotumia Electron kujaribia violesura. Yaani nyumba iliyojenga Gecko ilikuwa inachora madirisha mapya juu ya injini ya jirani, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi. Ukweli kama huo unauma, lakini ndio uliokuwepo.

Ya tatu ni nguvu kazi. Firefox ilikuwa inapoteza watumiaji mbele ya Chrome, na Mozilla wakaelekeza nguvu kwenye kuifanya iwe na kasi. Vipande vya Servo vikang'olewa na kupandikizwa ndani yake; sehemu ya kushughulikia CSS, iliyoitwa Stylo, iliingia na Firefox 57. Injini mpya ikawa ghala la vipuri vya injini ya zamani. Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, timu ya Servo ikiwemo. Novemba mwaka huohuo Servo ikakabidhiwa Linux Foundation, na mwaka 2023 kampuni ya Igalia ikairudishia pumzi. Dirisha dogo linalokuja na Servo siku hizi limeandikwa kwa Rust. Duara limefungwa.

Ndugu waliobaki

Ila ndugu wa browser.html hawakufa wote. Vivaldi, iliyoanzishwa na Jon von Tetzchner, mmoja wa waasisi wa Opera, ilionesha toleo la majaribio Januari 2015 na toleo la 1.0 Aprili 2016. Kiolesura chake kimeandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript juu ya Chromium, na hadi leo kinajulikana kwa kumwachia mtumiaji apange karibu kila kitu. Brave ilianza kwa njia hiyohiyo, juu ya tawi la Electron lililoitwa Muon, lakini mwaka 2018 ikahamia kwenye kiolesura cha Chromium chenyewe. Wawili walianza barabara moja, mmoja akaendelea, mwingine akakata kona.

Wazo lenyewe likapenya kimyakimya hata kwenye nyumba za wakubwa. Ukifungua mipangilio ya Chrome, unachokiona ni ukurasa. Na Firefox, iliyoiacha XUL hatua kwa hatua, ilifikia mahali faili lake kuu la kiolesura, browser.xul, likabadilishwa jina kuwa browser.xhtml. Hakukuwa na sherehe.

Ndugu ninayempenda kuliko wote ni Beaker. Paul Frazee na Tara Vancil walikijenga kivinjari hiki juu ya Electron kwa lengo tofauti kabisa: uweze kuunda tovuti ndani ya kivinjari, ukaichapisha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako kwenda kwa za wengine, bila kukodi seva. Ukiona tovuti ya mwenzako umeipenda, unatengeneza nakala yako na kuibadilisha. Ni kile kiti kimoja cha mwaka 1990, kilichotolewa stoo na kufutwa vumbi. Beaker nayo ilisimamishwa rasmi mwaka 2022. Watu hawakujaa. Kompyuta za nyumbani huzimwa usiku, na tovuti inayolala mwenyewe akilala ni vigumu kuitegemea.

Makala zangu

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halinitoki.

Kwa miaka mitatu niliandika safu ya vitabu kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja. Mahojiano na waandishi, uhakiki, kumbukumbu za maduka ya vitabu yaliyofungwa. Siku moja tovuti haikufunguka. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nikampigia aliyekuwa mhariri wangu.

"Ndugu yangu, wamefunga," akasema. "Si una nakala zako?"

Sikuwa nazo. Nilikuwa naandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha tovuti, nachapisha, kisha nairudia makala kama msomaji mwingine yeyote. Nilikuwa navinjari kazi yangu mwenyewe. Mahojiano mawili yalikuwa na wazee ambao hawapo tena duniani, na sauti nilikuwa nimeshazifuta ili simu ipate nafasi. Kosa lilikuwa langu, silikimbii. Lakini nimejiuliza mara nyingi: kama dirisha nililolitumia kila siku lingekuwa limenizoesha, tangu mwanzo, kwamba kusoma na kuhifadhi na kuandika ni tendo moja, ningekuwa mzembe kiasi kile?

Mwaka jana nilikuwa Muheza kwa mama mkubwa. Ana Smart Kitochi, ile simu ya vitufe ambayo Vodacom Tanzania waliileta mwaka 2019. Inatumia KaiOS, mfumo uliotokana na msimbo wa Firefox OS baada ya Mozilla kuuacha. Simu iliyoshindwa sokoni kwa jina moja ilirudi kwa jina jingine, ikafika hadi kibarazani kwa mama mkubwa.

"Mwanangu, hiki kinaweza kufungua gazeti lako?"

"Kinaweza, mama mkubwa."

Nikamfungulia. Akavaa miwani, akasoma kwa kushuka mstari mmoja mmoja kwa kitufe. Nilikaa pale nikitazama menyu ile ndogo, ambayo najua ni HTML, nikiwaza kwamba wazo lililoshindwa kukaa kwenye meza za wahandisi lilikuwa hapa, na yeye hana habari, na wala hahitaji kuwa nayo. Anachohitaji ni kusoma. Ila hata yeye, alipomaliza, aliniuliza swali ambalo kivinjari chake hakikuwa na jibu lake: "Sasa hii nikitaka kumwekea baba yako aisome akija, naiweka wapi?"

Niliporudi Dar nililitafuta lile faili la mwaka 2016. Nimeliandika upya kwa Electron, kwa hiyo sasa fremu inafunguka. Kushoto ni ukurasa, kulia ni daftari, na kila ninachokisoma kwa dakika zaidi ya mbili kinahifadhiwa kwenye diski yangu pamoja na nilichokiandika pembeni. Ni kibaya kwa sura, kinakula kumbukumbu ya kompyuta kuliko inavyostahili, na vitufe vyake vimeandikwa Kiswahili nilichojichagulia mwenyewe: Rudi, Soma, Weka. Kitufe cha Weka nimekipa nafasi ya juu kabisa, karibu na anwani. Mpaka sasa kina mtumiaji mmoja, na mahojiano mapya matatu na wazee.